Kidole cha Herufi A

Saa mbili asubuhi, Jumanne ya katikati ya Agosti, vidole tisa vya Theodora vilikuwa vikigonga meza ya jikoni na kimoja kilikuwa kimelala. Kilicholala kilikuwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Alikiamuru kigonge. Kiliinuka kidogo, labda unene wa kadi ya harusi, kikarudi chini bila sauti.

"Unachapa nini leo?" aliuliza Fredrick, mumewe, aliyekuwa ameegemeza sikio kwenye redio.

"Taarifa ya habari. Wewe unaisikiliza, mimi naichapa."

"Wamesema nini?"

"Hawajasema kitu. Hakuna herufi a hata moja."

Fredrick alicheka peke yake. Theodora aliinuka, akaenda mlangoni, akatazama upepo ukikokota vumbi kutoka kwenye mashamba ya alizeti yaliyokwisha kuvunwa, akarudi, akaketi, akainuka tena. Tangu atoke hospitali hakuwahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi mahali pamoja. Nyumba yao ya Mwankoko haikuwa kubwa, na yeye aliizunguka kutwa kama mgambo aliye zamu.

Kiharusi kilimpata Novemba ya mwaka uliopita. Mguu ulirudi kabla ya Krismasi. Mkono ulirudi kwa mafungu: bega, kiwiko, kiganja, kisha vidole kimoja kimoja kuanzia gumba. Kidole kidogo kilibaki nyuma. Nathanaeli, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa akimwona kila mwezi, hakuwa mtu wa kubembeleza wagonjwa. "Mwaka wa kwanza ndio wa mavuno, mama," alimwambia. "Baada ya hapo tunaokota masalia." Alimpa mpira wa kubinya. Theodora aliubinya mpaka ukapasuka, na bado hakujua kama kidole kile kilichangia lolote katika kuupasua.

Hilo ndilo lililomnyima utulivu. Mtu mwingine angeishi bila kidole kidogo cha kushoto na asikikumbuke mpaka siku ya kukata kucha. Theodora alikuwa katibu muhtasi wa halmashauri maisha yake yote ya kazi, na baada ya kustaafu akawa mchapaji wa mtaa: ratiba za mazishi, barua za michango ya harusi, mihtasari ya vikao vya kanisa. Katika uchapaji kidole hicho kimepewa herufi tatu tu, lakini mojawapo ni a, na Kiswahili hakiendi hatua mbili bila a. Mwalimu wake katika chuo cha uhazili alizoea kusema kwamba kidole kidogo cha kushoto ndicho kibarua wa nchi nzima: kinafanya kazi kuliko vyote na hakuna anayekivisha pete.

Kompyuta ya mapajani aliyoachiwa na binti yao Yustina haikumsaidia. Vitufe vyake vilikuwa laini mno. Mkono wa kushoto ukichoka na kuegemea, kioo kilijaa a mfululizo, ukurasa mzima, bila yeye kuandika chochote. Ilitaka kuguswa tu. Theodora alitaka kitu kinachotaka kupigwa, kinachokataa kuandika kama hakijapigwa, na kinachobakiza ushahidi kwenye karatasi. Kitu hicho alikijua. Alikuwa amekitumia kabla kompyuta hazijafika ofisini.

"Taipureta?" Yustina alisema kwenye simu kutoka Dodoma. "Mama, siku hizi watu wanaziweka kwenye kabati la vioo, pembeni ya vikombe vya wageni."

"Basi mimi nitaitoa kabatini."

"Na kama kidole hakitaiweza?"

"Nitajua. Sasa hivi sijui."

Jumanne hiyo hiyo, saa nne, yeye na Fredrick walikuwa mjini Singida, nyuma ya soko, kwenye ua wa Antipasi. Antipasi alinunua kwenye minada vifaa vilivyochakaa vya maofisi na kuwauzia watu walio tayari kuviamini. Ua ulikuwa na viti vya kuzunguka visivyozunguka, makabati ya chuma, feni, na mlango mmoja wa ofisi uliokuwa bado na maandishi BISHA HODI.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zile mashine ziko wapi?"

"Zimejipanga zinakusubiri. Nimezisugua herufi zote kwa petroli na mswaki. Zinanukia kama gari jipya."

"Mswaki wa nani?" aliuliza Fredrick.

"Mzee, hilo ni swali la familia."

Zilikuwa tatu, juu ya meza moja: ya umeme, yenye waya mrefu; ndogo ya kubebeka, rangi ya jani bichi, ndani ya mkoba wake; na kubwa ya ofisini, ya kijivu, ambayo Antipasi alisema harudii kuinyanyua bila kula kwanza.

Theodora hakuzitazama sura. Aliomba meza nyingine, iliyo fupi kidogo, kwa kuwa ile ya Antipasi ilimfika mbavuni na mchapaji hupiga kutoka kiwiko kilicholala sawa. Aliomba kiti kisichoyumba. Fredrick, ambaye alikuwa bwana mifugo na amenunua ng'ombe wengi, alisema kwamba ng'ombe hutazamwa meno kwanza. "Hii hatuinunui kwa kuchinja," Theodora alimjibu. "Itakaa mezani kila siku. Mashine ya kufungiwa kabatini haitumiki. Wiki ya kwanza unaitoa, wiki ya pili unaona uvivu, wiki ya tatu imekuwa kiti cha paka."

Alianza na ya umeme. Antipasi aliichomeka, ikanguruma. Theodora aliweka vidole juu ya vitufe, na kabla hajapiga mashine ikapiga yenyewe: aaa. Alivuta mikono.

"Inakupenda," alisema Antipasi.

"Inapiga kwa nguvu zake. Ichomoe."

Walihamisha ile ya kijivu kwenye meza fupi, wanaume wawili wakisaidiana, na meza ikalia. Theodora alipoketi mbele yake mgongo ulinyooka wenyewe. Hii alikuwa anaijua. Si hii yenyewe, bali ndugu zake: vitufe vyenye kina, vyuma vya herufi vilivyojipanga kama mbavu, rola nene ya mpira. Alisukuma kitufe kimoja taratibu kwa kidole cha shahada na kuhisi uzito wake. Kilibisha, kisha kikakubali. Kidole kisichokuwa na nguvu hakingekubaliwa hapa. Aliingiza karatasi, akaisawazisha, mikono ikashika nafasi zake, akainua macho na kuyaweka ukutani.

Mchapaji aliyefundishwa haangalii mashine. Huangalia anachonakili, na kama hana cha kunakili huangalia mbele. Theodora aliangalia maneno BISHA HODI na akachapa sentensi aliyokuwa ameichapa msimu baada ya msimu katika matangazo ya halmashauri: Wakulima wa alizeti wanatakiwa kupalilia mapema. Aliichapa mara nyingi, mstari chini ya mstari. Sauti ilikuwa nzuri, nzito, ile iliyokuwa ikisikika mpaka nje kwenye foleni ya wananchi. Katika sauti hiyo alijaribu kuisikia a, lakini masikio hayakuweza kuitenga. Ilibidi aione. Alizungusha rola na kuitoa karatasi juani.

Ilikuwa nyeupe.

Hakukuwa na a, wala w, wala herufi yoyote ya mkono wowote.

"Utepe umekauka," alisema Fredrick.

Antipasi alipitisha gumba kwenye utepe na kulionyesha. Lilikuwa jeusi. "Nimeuweka wiki iliyopita, mzee. Mpya."

Theodora alifikiri. Kama ingekuwa mkono wake, herufi za mkono wa kulia zingetoka. Hazikutoka. Wino upo, karatasi haina kitu. Basi utepe haufiki mbele ya karatasi. Ndani ya mashine kuna chuma kinachoinua utepe kila kitufe kinapopigwa, na chuma hicho kikivunjika mashine imekwisha, maana aliyejua kukitengeneza hapa mjini alikwisha kuzikwa, na Theodora mwenyewe ndiye aliyeichapa ratiba ya mazishi yake.

"Imekufa," alisema. "Kinachoinua utepe kimevunjika."

"Mama, usiseme kwa sauti hivyo, ana wateja wengine," Fredrick alisema.

Mteja mwingine alikuwa amesimama pale langoni: mwanamke kijana aliyevaa miwani ya jua, kucha ndefu za kubandika. Alisalimia kwa heshima, akajitambulisha kuwa anaitwa Faith na kwamba anafungua nyumba ya wageni kwenye barabara ya kwenda Arusha. Alitaka kitu cha zamani cha kuweka mapokezi, mgeni akiingia apige nacho picha.

"Hiyo kubwa inafanya kazi?" aliuliza.

"Mama hapa ni mtaalamu, kasema imekufa," alisema Antipasi bila haya. Alikuwa mfanyabiashara mwepesi. Ubovu ukishatangazwa, naye huutangaza.

"Haina shida. Mimi nataka sura. Nitatuma gari jioni."

Theodora aliikunja ile karatasi nyeupe na kuitia kwenye mkoba wake wa begani, kwa kuwa katibu muhtasi wa zama zake hatupi karatasi safi, kisha akaketi mbele ya mashine iliyobaki. Ile ndogo ya kijani ilikuwa nyepesi. Mkono wake wa kulia uliporuka juu ya vitufe, mashine nayo iliruka, ikawa inasogea mezani kidogo kidogo kuelekea kwa Fredrick. Herufi o ilitoboa karatasi. Hiyo ilikuwa tabia ya mikono ya zamani: katika ofisi yake kazi kubwa ya kila asubuhi ilikuwa kukata stensili, ile karatasi ya nta inayotobolewa kwa herufi ili wino upite na kurudufu nakala mia za tangazo, na anayekata stensili hupiga kama anayeponda. Mashine ya nyumbani haikutengenezwa kwa ajili ya mikono hiyo.

Lakini alipotazama karatasi, a ilikuwepo. Nyeusi, wima, kila mahali ilipotakiwa.

Fredrick aliinama akaitazama. Halafu alisema, "Mama Yustina. Si ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mbona umekunja uso?"

"Jua," alisema Theodora.

Walielewana bei na Antipasi. Kwa kuwa Theodora hakutaka kununua kitu asichokijaribu juu ya meza yake mwenyewe, alikubaliwa kukaa nayo siku mbili kwanza. Walirudi Mwankoko na mkoba wa kijani katikati yao kwenye bajaji, Fredrick akiushikilia kama mtoto aliyetoka kliniki.

Saa saba mashine ilikuwa mezani na Fredrick alikuwa ameshampigia simu Yustina kumwambia kidole cha mama kimepona. Theodora alichapa ukurasa. A zote zilitoka. Alichapa mwingine, akachoka, mkono ukaanza kuwa mzito, a zikaendelea kutoka vilevile, nyeusi na wima. Alisimama, akazunguka nyumba, akarudi. Upepo ulipiga bati la jikoni. Alichapa tena akiwa amesimama. A zilitoka.

"Tulia sasa," Fredrick alisema. "Ulichokitafuta umekipata."

"Kidole kinachochoka lazima kionyeshe kwamba kimechoka."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimechoka, na hakionyeshi."

Alifungua mgongo wa redio, akatoa betri moja, moja ya zile nene. Fredrick alianza kulalamika na kuacha katikati. Theodora aliishika betri shubiri moja juu ya kitufe cha a, akaiachia. Chuma kiliruka, karatasi ikagongwa. Wote wawili walitazama. Ilikuwa a nyeusi, wima, haina tofauti na zile nyingine.

"Hata betri imepona kiharusi," alisema Theodora.

Fredrick alirudisha betri kwenye redio, lakini hakuiwasha.

Springi za mashine ile zilikuwa zimelegea. Kidole hakikuhitaji kupiga. Kilihitaji kuanguka tu, na kuanguka hakukuwahi kukishinda. Theodora alikaa mbele yake bila kuigusa. Jambo moja tu alikuwa amelihakikisha tangu asubuhi, nalo ni kwamba mashine ya kijani ilimsifia kama kompyuta ilivyomsifia. Mashine ambayo ingemwambia ukweli ilikuwa imekufa na inakwenda kukaa mapokezi. Novemba haikuwa mbali.

Alihitaji karatasi nyingine ili aandike maelezo ya kumrudishia Antipasi mashine yake ya kijani. Alitoa kwenye mkoba wake wa begani ile nyeupe ya asubuhi, akaikunjua, akaipapasa kwa kiganja ili kuinyoosha, na kiganja kikasimama.

Karatasi ilikuwa na vipele.

Aliigeuza, akapitisha gumba mgongoni mwake. Vipele vilikuwa katika mistari. Alikwenda nayo dirishani, akaiinamisha mpaka mwanga wa jua ukawa unaipita kwa ubavu. Maneno yalikuwepo. Wakulima wa alizeti wanatakiwa kupalilia mapema, mstari chini ya mstari, bila tone la wino, yamebanwa ndani ya karatasi kama alama ya kwato kwenye tope lililokauka.

Kinachoinua utepe hakikuvunjika. Mashine kubwa zile zina swichi ndogo upande wa kulia yenye alama tatu, nyeusi, nyekundu na nyeupe. Ikiwa kwenye nyeusi, utepe huinuka na sehemu yake nyeusi ndiyo inayopigwa. Kwenye nyekundu, ile nyekundu. Ikiwa kwenye nyeupe, utepe hauinuki kabisa, chuma kinafika kwenye karatasi kikiwa kikavu, kwa sababu hivyo ndivyo stensili inavyokatwa. Mtu asiyewahi kukata stensili haigusi nyeupe hata mara moja maishani. Yeye alikuwa akiisukuma huko kila asubuhi kabla hajavua koti. Na asubuhi hii, macho yakiwa kwenye BISHA HODI, mkono wa kulia ulikuwa umeisukuma bila kumwuliza.

"Mkono mzima ndio uliokosea," alisema.

"Mkono upi?" Fredrick aliuliza.

"Huu ninaouamini. Njoo uone."

Fredrick alivaa miwani. Theodora alimwonyesha herufi za a kwa ncha ya sindano ya kushonea. Mstari wa kwanza zilikuwa na kina, si kama k au l za mkono wa kulia, lakini zilikuwa na kina. Mstari wa pili zilikuwa zimepungua. Wa tatu zilikuwa kivuli. Wa nne hazikuwepo. Kati ya w na k ya wakulima palikuwa na nafasi tambarare.

"Zimekwisha," alisema Fredrick kwa sauti ya pole.

"Zilikuwepo," alisema Theodora. "Mistari mitatu. Betri haichoki mstari wa tatu. Hiki ni kidole." Alikuwa tayari anatafuta viatu. "Mpigie Antipasi."

Antipasi hakupokea. Hakupokea mara ya pili wala ya tatu. Theodora hakungoja ya nne. Alisimama barabarani na mkoba wa kijani mkononi, upepo ukimzungushia vumbi miguuni, mpaka bajaji ikapatikana, na njia nzima alikuwa ameshika bomba la mbele kama dereva ni yeye.

Walipofika, gari la Faith, pikapu nyeupe, lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume langoni, na ile mashine ya kijivu ilikuwa imeshapandishwa nyuma, juu ya gunia. Antipasi alikuwa ameketi kwenye kiti kisichozunguka, anapumua kwa kelele. Fredrick alipiga tena, na simu ya Antipasi ikalia ndani ya koti lililotundikwa kwenye feni.

"Mama umerudi? Ya kijani ina nini?"

"Ya kijani haina kitu. Ndiyo tatizo lake." Theodora alimgeukia Faith. "Binti, asubuhi nilisema mashine hii imekufa. Nilikosea. Inafanya kazi, na naitaka."

Fredrick alimtazama mkewe. Ng'ombe hanunuliwi hivyo. Aliyewahi kwenda mnadani anajua kwamba mtu akigundua ng'ombe aliyetangazwa tasa ana mimba, hunyamaza mpaka kamba iwe mkononi mwake.

"Inafanya kazi?" Faith aliinua miwani ya jua. "Kumbe. Basi ndiyo nzuri zaidi, mama. Wageni watachapa majina yao."

"Ungenyamaza tu," Fredrick alinong'ona kwa Kinyaturu.

"Nilisema uongo mbele yake, nausahihisha mbele yake," Theodora alimjibu kwa Kiswahili, kila mtu akisikia.

Antipasi alikuna kidevu. "Na mimi nimeuza mzoga. Kama ni mzima, si tuanze upya kidogo?"

"Antipasi, gari langu limeshabeba," alisema Faith.

"Nasema tu, dada. Mdomo haulipiwi kodi."

Theodora alikuwa ameshafika nyuma ya pikapu. Aliomba karatasi. Safari hii aliitazama mashine. Swichi ilikuwa pale pale alipoiacha, kwenye nyeupe. Aliisukuma mpaka nyeusi, akachapa kwa mkono wa kulia peke yake, akiwa amesimama chini na mashine ikiwa kifuani mwake: Nyumba. Neno lilitoka jeusi isipokuwa mwishoni, kwa kuwa hakuichapa a. Aliiacha wazi kwa makusudi, hakutaka kidole kijaribiwe mbele ya watu kikiwa kimeinuliwa hivyo.

"Jaribu na wewe," alimwambia Faith. "Kama ni ya wageni, lazima mwenye nyumba aiweze."

Faith alipanda nyuma ya gari, akachuchumaa, akapiga kwa kucha. Hakuna kilichotoka. Alipiga kwa nguvu zaidi. Kidole kiliteleza kikaingia katikati ya vitufe viwili, vyuma viwili vikapanda pamoja na kung'ang'aniana mbele ya karatasi. Alivuta mkono. Ukucha mmoja wa waridi ulibaki ndani ya mashine.

Antipasi alikohoa ili asicheke. Fredrick hakujizuia.

"Hii inataka ugomvi," alisema Faith, akiutazama mkono wake.

"Inataka ugomvi kila siku," Theodora alisema, akivitenganisha vile vyuma kwa kidole na kuutoa ukucha. "Vikikwama na mtu akalazimisha, vinapinda. Wageni watalazimisha. Mwezi mmoja, itakuwa imekufa kweli, na hapo sitakuwa nimekosea." Aliuweka mkoba wa kijani ukingoni mwa gari, akaufungua. "Hii hata mtoto ataichapa. Hata betri. Rangi yake inaonekana kutoka mlangoni, na mkoba wake upo."

Faith alibonyeza kitufe kimoja kwa ncha ya ukucha uliobaki mzima. Herufi ilitoka. Alibonyeza kingine. Aliandika FAITH polepole, akatabasamu, akageuza mashine ili aione ubavuni.

"Lakini ile inaonekana ya kizamani zaidi," alisema, akiitazama ya kijivu.

Theodora alikuwa amesema yote aliyokuwa na uhakika nayo. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika ukingo wa pikapu na vidole vilikuwa vikigonga bati, vinne vikisikika.

Faith aliviona. Alivitazama kidogo, kisha akamtazama Theodora usoni, kisha akaufunga mkoba wa kijani na kuupeleka kiti cha mbele. "Antipasi," alisema, "mshushie mama mashine yake. Mimi na wewe tutaongea bei ya hii, na usianze upya."

"Nimeipandisha sasa hivi," alisema Antipasi kwa uchungu. "Sijala."

Aliishusha hata hivyo. Ilifika Mwankoko kwa bajaji iliyoinama upande mmoja. Meza ya jikoni ilitikisika ilipowekewa mzigo ule, Fredrick akakunja blanketi na kulitandika chini yake, kwa ajili ya meza na kwa ajili ya usingizi wake wa mchana, alivyosema. Theodora aliketi. Kiwiko kililala sawa. Aliikagua swichi kwa macho, kisha kwa kidole: nyeusi.

Alichapa akiangalia ukuta. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Upepo ulikuwa umetulia na sauti ya mashine ilijaa jikoni. Katika mstari wa nne alihisi kidole kikibaki chini, akakingoja. Hakuruka herufi, hakukisaidia kwa kidole cha jirani kama alivyojaribiwa kufanya. Alikingoja mpaka kikainuka, akaendelea. Alipomaliza neno la mwisho, lile la mapema, hakutazama. Alizungusha rola na kumpa Fredrick karatasi.

"Mstari wa nne. Nisomee a zake tu."

Fredrick aliipeleka taa karibu, akafuata mstari kwa ukucha. "Ya kwanza haipo," alisema. "Ya pili haipo. Hapa kuna kitu kama doa." Aliendelea kimyakimya, midomo ikitembea. "Haipo. Haipo. Kwenye kupalilia, ya katikati haipo, ya mwisho haipo. Kwenye mapema, ya kwanza haipo." Alisogeza miwani. "Ya mwisho ipo."

"Doa au a?"

"A. Imefifia, lakini ni a. Tumbo lake linaonekana, na mkia wake."

Theodora aliichukua karatasi, akaiangalia mwenyewe mahali hapo, akaiingiza tena kwenye mashine, na kuanza mstari wa tano.